Alikozikwa Mke wa Mrundi

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni haya kusema hivyo. Simu ya mama ikiita kabla ya chai ya asubuhi, ninawapitia wagonjwa wote wa ukoo kichwani kabla sijaipokea. Siku ile nilikuwa Kanazi, kwenye nyumba ya shule ninayoishi, natafuta kiatu cha pili, simu ikaita. Mama hakunisalimia. Mhaya wa umri wake akianza kuongea bila salamu, ujue mambo yameharibika. Alisema, "Wamemkamata Mrundi." Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Huyo Mrundi ana jina, na ninalijua, ila silitaji hapa kwa sababu ambazo msomaji atazielewa. Hata nyumbani kwetu Kamachumu halikutajwa sana. Zaidi ya miaka ishirini aliishi kwetu akitunza kibanja cha mama, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na muda wote huo tulimwita Mrundi, naye akaitika. Hakuna aliyeona ubaya. Mama mwenyewe alimwita "mwana wange", mtoto wangu, lakini akimtuma mtu amwite kutoka shambani alisema, kaniitie Mrundi.

Alikuja na mkewe wakati kwao kuna vita. Walikuwa vijana tu. Walipita kambini kwanza, wakapewa turubai na unga, kisha wakatoka bila ruhusa ya mtu wakaja kutafuta vibarua huku Muleba. Baba yetu alikuwa ameshafariki, migomba inaanguka ovyo, na mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mrithi wa kibanja, alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Mvua ikinyesha, Mrundi alimbeba mgongoni kumvusha kijito ili aende shule. Mama aliwapa chumba cha uani, na baada ya misimu kadhaa akaacha kuuliza wataondoka lini.

Yule mke alikuwa mcheshi kuliko mume. Alijifunza Kihaya haraka, akawa anatania wakwe za watu barabarani kama amezaliwa Kamachumu. Hawakujaliwa mtoto aliyekua. Mwaka niliopata ajira ya ualimu aliugua ghafla akafariki, na hapo ndipo shida yote hii ilipoanzia, ingawa wakati ule hatukujua.

Kwetu mtu huzikwa kibanjani. Hatuna desturi ya kumpeleka mtu wetu kwenye makaburi ya pamoja kama watu wa mjini. Marehemu analala kwenye migomba yake, karibu na baba zake. Kwa hiyo kaburi kwetu ni shahidi. Ukitaka kujua hapa ni kwa nani, uliza nani amelala hapa. Wazee wa ukoo walipokuja msibani wakaketi na mama, wakamweleza kwa upole kwamba mgeni azikwe kwenye rweya, yale majani ya chini ya kijiji yasiyo na mwenyewe, asije akaleta maneno baadaye. Mama alisikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akasema huyu mwanamke alimwogesha yeye alipokuwa mgonjwa, hawezi kumtupa kwenye majani. Akazikwa ndani ya kibanja, chini kabisa, hatua chache kabla ya mstari wa milamula. Mlamula ni kile kichaka chenye majani marefu tunachopanda kuwa alama ya mpaka, na hakuna Mhaya anayeugusa mlamula kwa mchezo. Kesi za mahakama zetu nusu yake ni milamula.

Nimeeleza hayo ili ieleweke nilivyokuwa najua mambo yalivyo asubuhi ile.

Tangazo lilikuwa limetolewa wiki kadhaa kabla: wageni wote wasio na vibali wajisalimishe, na wanaowahifadhi wawapeleke kwa mtendaji. Kanisani lilisomwa baada ya ibada, na mama alirudi nyumbani na wasiwasi. Alimwambia Mrundi mwaka huo asiende Kimwani. Kila mwaka baada ya kahawa alikwenda huko kuvuna mpunga kwa mtu wa kwao, akarudi na mchele wa sikukuu. Alimjibu mama kwamba Kimwani wanamfahamu wote, akaenda. Wakaguzi waliingia mashambani, wakauliza karatasi, yeye hakuwa nayo. Walimpakia pamoja na wengine wakampeleka Muleba mjini.

Nilifundisha vipindi viwili siku ile na sikumbuki nilifundisha nini. Ofisini walimu walikuwa wanajadili suala hilo hilo, kwa kuwa kila mmoja ana Mrundi wake au Mnyarwanda wake nyumbani, ila hakuna aliyesema hivyo. Mwenzangu anayefundisha uraia alituelimisha. Mkimbizi, alisema, ni yule aliyekimbia hatari, naye ana mahali pake, kambini. Akitoka kambini kufuata kibarua, ameacha ukimbizi, sasa ni mtafuta maisha, na mtafuta maisha asiye na kibali ni mhamiaji haramu. Aliyasema vizuri, kwa mpangilio, kama anavyoandika ubaoni, hadi nikatamani kumrushia dasta. Nilimuuliza mtu aliyekimbia risasi akisikia njaa baadaye, ile risasi inafutika? Alisema sheria haiulizi hivyo. Kisha, nadhani aliniona uso, akaongeza kwamba lipo kundi jingine, walowezi: wageni waliokaa miaka mingi, wakazeekea kwa wenyeji, wana nyumba, wana makaburi, wenyeji wanawakubali. Hao serikali inaweza kuwafikiria wapewe kibali cha kukaa.

Neno hilo nililishika kwa mikono miwili. Mlowezi. Makaburi. Nilitoka nje nikampigia mdogo wangu, nikamwambia tuna kaburi, mambo yatakwenda vizuri.

Mdogo wangu ana duka la pembejeo pale Kamachumu na ndiye anayesimamia kibanja sasa, ingawa mama angali hai na bado anatoa amri. Si mtu mbaya. Lakini aliwahi kuishi Afrika Kusini bila kibali, akakamatwa kule, akawekwa ndani miezi akisubiri ndege ya kurudishwa, na tangu arudi amekuwa mtu wa maneno machache. Nilitegemea kwamba mtu aliyelala sakafuni kwenye nchi ya watu atakuwa wa kwanza kumhurumia mwenzake. Nilikosea. Alisema yeye alifuata hela, na alijua hivyo, na walipomshika hakumlaumu mtu. Kwa nini Mrundi ahurumiwe zaidi yake? Nikamwambia wewe hukubebwa mgongoni na Makaburu. Nilipotaja tena kaburi akasema ana mteja dukani, akakata simu.

Nililiona hilo kuwa geni, lakini nilikuwa na hofu nyingi siku hiyo, nikaliweka kando.

Kesho yake niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule nikaenda Muleba. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana wa mkoa wa mbali, mstaarabu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinipa kiti. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na ustaarabu wake ukanivuruga, maana mtu akikufokea unajua cha kufanya. Aliniambia wana watu wengi, kila mmoja anasema amekaa miaka mingi, na yeye hawezi kuamini kila mdomo. Anachotazama ni mambo ambayo mtu hawezi kuyabuni kwa siku moja. Nikamwambia huyu mke wake amezikwa kwetu, ndani ya kibanja chetu, na wazee wa kijiji wapo.

Afisa alifungua karatasi zake, akasoma, akaniangalia.

"Mwalimu, yeye mwenyewe amesema mkewe amezikwa nje. Kwenye majani ya kijiji."

Nilimwambia amechanganyikiwa, ameogopa, labda swali aliulizwa kwa Kiswahili kigumu. Afisa alisema Kiswahili chake ni kizuri na swali aliulizwa mara mbili. Mtu aliyezikwa nje, alieleza, ni kibarua aliyefia kazini, wapo wengi. Mtu aliyezikwa ndani ni habari nyingine, hilo wameshaelezwa na wazee wa huku. Basi mmoja wetu anasema uongo, na uongo ndio unaowaponza watu hawa. Akasema keshokutwa atakuja Kamachumu mwenyewe, pamoja naye, waone kwa macho.

Niliruhusiwa kumwona Mrundi kwa muda mfupi, tukiwa tumesimama, na askari karibu. Alikuwa amekonda kidogo, shati lile lile la kwenda Kimwani. Aliniuliza magoti ya mama. Aliniuliza kama mtu amekata majani makavu ya migomba upande wa jikoni. Nikamuuliza kwa Kihaya, harakaharaka, kwa nini amesema nje. Aliangalia chini akasema, "Mwalimu, wewe acha tu." Nilimkaripia. Kweli, nilimkaripia mtu aliyefungiwa, kwa sababu nikiogopa huwa nafoka, na yeye alinizoea hivyo tangu nikiwa msichana. Aliitikia tu kwa kichwa.

Nilifika Kamachumu alasiri, nikamsalimia mama salamu fupi iliyomuudhi, nikashuka moja kwa moja chini ya kibanja. Nilitaka kuliona kaburi kwa macho yangu, nisije nikawa mimi ndiye niliyesahau. Nililiona. Lilikuwa limepaliliwa vizuri, mawe yamepangwa kuzunguka. Ila milamula haikuwa kule chini yake. Ilikuwa juu yake. Nilikuwa nimeivuka bila kuijua, mstari mzima, imeota vizuri na kushika udongo, na kaburi lilikuwa nje, kwenye rweya.

Kwanza nilidhani jirani ametuibia, kwa maana mtu akisogeza mpaka husogeza kujiongezea. Halafu nikakumbuka kwamba chini ya hapo hakuna jirani. Kuna majani tu. Aliyefanya kazi hii hakuiba chochote. Alitupa ukanda wa shamba letu, mzuri, wenye migomba sita au saba, ili awe amemtoa mtu mmoja aliyekufa. Katika maisha yangu nimeona Wahaya wakipigana kwa ardhi ya upana wa kiganja. Sikuwahi kuona Mhaya anayeigawa bure.

Mdogo wangu alikuja jioni akitoka dukani, akanikuta uani, na nadhani alijua kabla sijafungua mdomo. Hakukana. Aliniambia kwamba miaka michache nyuma, kitongoji cha pili, watoto wa kibarua wa zamani walikwenda kwenye baraza, wakaonyesha makaburi ya wazazi wao kwenye shamba la watu, wakapewa kipande. Wazee walimwita wakamwambia, uliona? Mama yako alituzidi nguvu, sasa ni juu yako. Hakulala. Ana watoto wanne na kibanja ni kimoja. Mrundi alipokwenda kuvuna mpunga mwaka ule, yeye alishuka na jembe akaihamisha milamula peke yake. Mama hakujua kwa sababu magoti yake hayamfikishi tena kule chini.

Nilimwambia Mrundi hana mtoto, nani angekuja kudai, mzimu? Akasema ana ndugu kwao, watu wanazaliana, karatasi zikishaandikwa hazifutiki. Nilimtukana kidogo. Nilimwambia ameogopa maiti ya mwanamke aliyekuwa akimpikia. Aliinamisha kichwa, akasema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba Mrundi aliporudi safari ile alishuka shambani, akaona, akapanda juu kula chakula, hakuuliza neno. Na tangu siku ile ameendelea kutandaza majani mpaka kwenye mpaka wa zamani, kama hakuna kilichobadilika. "Hicho ndicho kinachoniua," alisema. "Angenigombeza ningejua la kumjibu."

Ndipo nikaelewa kule Muleba Mrundi alikuwa anamlinda nani. Kusema kaburi liko ndani ni kumfichua mrithi wa nyumba, aliyehamisha mpaka, mbele ya serikali, na kumpelekea mama ugomvi na ukoo mzima. Alifungiwa, akaulizwa mara mbili, akatunza heshima ya nyumba iliyomtoa mke wake nje. Na mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimemfanya aonekane mwongo.

Sasa kilichobaki kilikuwa wazi. Mdogo wangu akinyamaza, afisa ataona milamula, ataandika nje, na Mrundi atarudishwa nchi asiyokuwa na mtu. Akisema kweli, atasema mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba alihamisha mpaka, na hiyo ni aibu ambayo Kamachumu haiisahau. Tena atakuwa amelirudisha ndani lile kaburi alilolikimbia. Nilimwomba. Hakuniahidi. Mama nilimweleza polepole, nikitegemea atalipuka. Alikaa akimenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, akazimenya nyingi kuliko tunavyoweza kula, kisha akasema mwanaye ni mtu mzima, aseme atakalosema.

Walikuja asubuhi, manyunyu yanadondoka, gari likaachwa juu barabarani. Mrundi alishuka kati ya askari wawili. Alimsalimia mama salamu kamili, ile ndefu, ya kuulizana watu na ng'ombe na mvua, na mama akaijibu yote, hadi afisa akatazama saa. Mama alikuwa ameletewa kigoda lakini alisimama. Alisema atashuka naye. Tulimshika huku na huku, tukashuka pole pole kwenye utelezi, afisa, mwenyekiti, mdogo wangu, askari, na Mrundi mbele, akisimama kila mara kuondoa majani yaliyoanguka njiani ili mama asiteleze.

Tulipofika kwenye milamula mama aliitazama. Alikuwa ameshaambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Aliachia mkono wangu akamshika mkono mdogo wangu.

Afisa alimuuliza mwenyekiti kaburi liko upande gani. Mwenyekiti ni mzaliwa wa hapo, alikuwepo kwenye mazishi, na anajua kila shina la mlamula kwenye kijiji chake. Alisema kwamba kwa kuangalia tu, kama afisa mwenyewe anavyoona, liko nje. Alisema hivyo akimwangalia mdogo wangu. Afisa akafungua karatasi zake, akazikinga na manyunyu kwa kofia, akamgeukia mdogo wangu akamuuliza kama mwenye kibanja anakubaliana. Nilitaka kusema mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Liko ndani," mdogo wangu alisema. "Mpaka niliuhamisha mimi."

Alisema kwa sauti ndogo, na mwenyekiti akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilianza kulia palepale, sijali nani ananiona. Nilidhani yamekwisha. Afisa alianza kuandika, akasema hiyo inasaidia, na kwamba kama ukoo unamkubali basi kuna la kupeleka Bukoba. Hapo Mrundi akaongea. Hakuwa ameulizwa.

"Afande, usiandike hivyo. Andika nje."

Afisa alikasirika, na simlaumu. Alimwambia anajaribu kumsaidia, watu hawa wamejidhalilisha kwa ajili yake, kwani hataki kubaki? Mrundi alisema anataka kubaki, hakuna kitu anachotaka kama hicho. Mama alimwita kwa Kihaya, "Mwana wange, sema kweli." Akamgeukia mama, na aliyoyasema aliyasema kwa Kihaya, na mwenyekiti akayatafsiri kwa afisa kwa shida.

"Maawe, mimi wataniondoa. Wasiponiondoa leo wataniondoa siku nyingine, nimeshazoea. Nikiandikwa kwa sababu ya kaburi hili, kaburi litakuwa kesi. Siku watu wakiingiwa na hofu tena watamfukua. Nje hakuna anayemwogopa. Mimi wanihamishe, yeye asihamishwe."

Mdogo wangu alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo wa kaburi, akabaki hivyo, mvua inamlowanisha mgongo. Nilifikiri juu ya kile chumba alichofungiwa kule kusini, na kama kuna mtu aliwahi kumuuliza kule amemwacha nani. Sisi hatukumuuliza. Tulimuuliza ameleta nini.

Afisa aliandika maneno ya wote wawili, ya ndani na ya nje, akasema uamuzi si wake. Alisema pia, na nilimwona hakupenda kulisema, kwamba faili lenye kauli mbili zinazogongana ni faili dhaifu, na kwamba mtu huyu alitoka kambini bila ruhusa, hilo halina ubishi. Walimpandisha tena. Alimshika mama mkono hadi juu barabarani, na askari wakamwacha amshike.

Tulisubiri wiki nyingi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akienda Muleba, akifunga duka, akipeleka chakula, akirudi na jibu lile lile kwamba bado. Mimi nikiwa Kanazi nilikuwa nikishtuka kila simu ikilia, hata ya wauza vocha. Mwenzangu wa uraia aliacha kunieleza sheria; siku moja aliniletea barua ya maombi aliyoiandika yeye, nzuri sana, ya kumtetea mtu asiyemjua. Niliipeleka. Siku niliyoipeleka, tukiwa na mdogo wangu na kapu la mama, tuliambiwa kundi limeondoka alfajiri ile kupelekwa mpakani. Yule afisa alikuwepo. Alitueleza kwamba waliorudishwa wanaweza kuomba kutoka kule, kwa utaratibu, na akatuandikia hatua zenyewe. Mdogo wangu alimshukuru. Tulirudi na kapu lile.

Hatukujua aliko. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, baya kuliko kumjua amefungiwa, kwa kuwa ndani angalau pana mlango unaoweza kusimama mbele yake. Mama alianza kuongea na Mrundi, peke yake jikoni, akimwelekeza mashina ya kukata. Kibanja kilianza kuchoka. Tulipata kijana wa kutunza, wa hapohapo kijijini, mwenye vitambulisho vyote, na mama alimwona hana mkono wa migomba.

Simu ilikuja siku ya Jumapili, sote tukiwa Kamachumu, kwenye namba ya mdogo wangu. Ilikuwa namba ya kule, ndefu. Aliweka sauti kubwa. Tulisikia kelele za soko, kisha sauti yake, akisema ameazima simu ya mtu na hana muda. Mama alianza kulia, mimi nikaanza kuuliza yuko wapi, anakula nini, analala kwa nani, ameomba kibali, maswali yote kwa mkupuo. Hakujibu hata moja. Alimtaka mdogo wangu.

"Yupo?" alimuuliza.

"Yupo," mdogo wangu alisema. "Ndani. Nimewaonyesha watoto wangu wote wanne, mbele ya mwenyekiti. Wanajua ni wa kwetu."

Kule zikasikika kelele za soko tu. Kisha akasema vizuri, na simu ikakatika. Tumeipiga namba ile tangu siku hiyo, mara nyingi, na mwenye simu anasema hamjui mtu huyo.